Kupanda Mchongoma: Historia Fupi ya Msuguano, Kuanzia Mwanjelwa

Kuna sentensi ambayo sisi waandishi wa habari wa Mbeya tunaweza kuiandika tukiwa tumefumba macho: "Chanzo cha ajali hiyo kinadaiwa kuwa ni kufeli kwa mfumo wa breki." Nimeiandika mwenyewe mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza ina maana gani. Mhariri anaipenda kwa sababu ni fupi, polisi wanaipenda kwa sababu haibishaniwi, na msomaji ameizoea kiasi kwamba macho yake yanairuka.

Siku moja baba yangu mdogo alinikuta sebuleni kwao nikimsomea mama mdogo habari niliyoiandika. Nilipofika kwenye sentensi hiyo akanikatiza.

"Zilifeli, au zilichoka?"

Nikamwambia si kitu kilekile, baba mdogo? Akatikisa kichwa. Akaniambia nisugue viganja vyangu, kwa nguvu, nisiache mpaka aniambie. Nikasugua. Baada ya muda mikono ikawa ya moto, nikaacha mwenyewe kabla hajasema. "Umeona," akasema. "Na wewe hukubeba tani thelathini."

Makala haya yametokana na viganja hivyo. Nimetaka kuandika historia ya jambo ambalo hatuliandikii historia kwa sababu linaonekana ni la kitabu cha sayansi cha shule ya msingi: kani, inesha na msuguano. Kwingine labda hayo ni maswali ya mtihani. Kwetu Mwanjelwa yanapita mbele ya nyumba usiku na mchana, yakiwa na matairi 22.

Kwa asiyeijua Mwanjelwa: ni moyo wa biashara wa Jiji la Mbeya. Soko lake liliungua mwaka 2006 na sisi tuliokuwa wadogo wakati ule tunalikumbuka tukio hilo kama watu wa pwani wanavyokumbuka mwaka wa mvua kubwa. Juu yetu uko Mlima Loleza. Katikati inapita barabara kuu ya kwenda Zambia, ile ambayo wazee bado wanaiita TANZAM. Upande wa mashariki ukitoka mjini unakutana na Uyole na Mlima Nyoka. Upande wa magharibi unakutana na mteremko wa Iwambi kabla ya Mbalizi. Kwa hiyo mtoto wa Mwanjelwa anakua akijua kwamba lori linalopita hapa ama limetoka kushuka, ama linakwenda kushuka.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Sijui kama walikuwa wanafikiria malori, lakini hakuna mwalimu wa fizikia aliyewahi kuliweka jambo hili vizuri kuliko wao.

Tuanze na historia yenyewe. Novemba 11, 1965, Ian Smith na serikali yake ya walowezi walijitangazia uhuru kule Rhodesia ya Kusini. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, ilikuwa inategemea njia za kusini kupata mafuta na kusafirisha shaba. Njia hizo zikawa mikononi mwa watu wasioitakia mema. Ikabidi igeukie Dar es Salaam. Kati ya Dar es Salaam na migodi ya shaba kulikuwa na barabara ya udongo, zaidi ya kilomita 1,500, na katikati yake tuko sisi, watu wa Nyanda za Juu Kusini, na milima yetu.

Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yakaanza kupita. Madereva wa kigeni waliipa barabara ile jina ambalo kwa Kiswahili ni njia ya jehanamu. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi, na wakati wa masika tope. Hapa ndipo somo la kwanza linapoingia. Tairi halisukumi gari mbele kwa uwezo wake lenyewe. Tairi linaisukuma ardhi nyuma, na ardhi, kwa sababu ya msuguano, inalisukuma tairi mbele. Ukiondoa msuguano, tairi litazunguka papo hapo mpaka dizeli iishe. Tope ndilo linalofanya hivyo: linajipenyeza kati ya mpira na ardhi ngumu, vitu viwili vilivyotakiwa kushikana vikateleza. Kwa hiyo dereva wa mwaka 1966 alikuwa akiutafuta msuguano kama mtu anayetafuta maji jangwani. Akikata matawi na kuyatandika chini ya tairi, alikuwa anaununua kwa jasho.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kuyatoa mafuta barabarani kabisa. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kazi, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Linapita kwetu. Pale Inyala watu wanapaita Paipulaini mpaka leo, na wengi hawana habari tena kwamba jina limetokana na historia ya ukombozi. Bomba halina tairi, halina breki, halina dereva wa kusinzia. Lakini msuguano haukuachwa nyuma. Mafuta yanapotembea ndani ya bomba yanajisugua kwenye kuta za chuma na yenyewe kwa yenyewe, na kila kilomita yanapoteza sehemu ya msukumo wake. Ndiyo maana kukawekwa vituo vya pampu njiani. Pampu ya kwanza ikichoka kusukuma, ya pili inapokea, kama wapokezana mizigo kwenye mlima.

Suluhisho la pili lilikuwa reli. Makubaliano kati ya Tanzania, Zambia na China yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tumezoea kuisimulia TAZARA kama hadithi ya siasa, Nyerere na Kaunda na Mao, na ni kweli ni hadithi ya siasa. Lakini ukiitazama ramani yake kwa jicho la msuguano unaona kitu kingine.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halipotezi nguvu nyingi kwa kubingirika. Hiyo ndiyo siri ya treni: kichwa kimoja kinavuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi, kwa sababu gurudumu halibonyei wala reli haibonyei kama tairi na udongo. Ila kila kizuri kina bei. Chuma na chuma havishikani sana, na ule ulaini unaolifaidi treni kwenye tambarare unaligeuka kwenye mlima. Magurudumu yanateleza. Ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga na kuumwaga kwenye reli pale panapoteleza. Fikiria hilo: mashine ya mamilioni inaokolewa na mchanga, kama sisi tulivyokuwa tukimwaga majivu kwenye ngazi zenye utelezi wakati wa masika.

Kwa hiyo wapimaji wa Kichina waliofika huku hawakuweza kuifuata njia ya malori. Lori linapanda Kitonga. Treni halipandi Kitonga. Reli ikapita bonde la Kilombero hadi Mlimba, ndipo ikaanza kuupanda ukingo wa nyanda za juu kuelekea Makambako. Kipande hicho cha Mlimba na Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Ili mteremko usiwe mkali, reli ilibidi izunguke, ipite juu ya madaraja, iingie kwenye mahandaki. Reli nzima ina madaraja takriban 300 na mahandaki zaidi ya 20, na sehemu kubwa ya mahandaki hayo iko kwenye kipande hicho. Kilele chake kiko kwetu Uyole, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda treni kituo cha Mbeya, kumbuka kwamba kila kona inayokuchosha imewekwa pale kwa sababu chuma hakishikani na chuma.

Wako waliolipa. Zaidi ya Wachina 60 walifia kwenye kazi ile, na Watanzania na Wazambia walikufa pia. Pale Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina. Na hata baada ya damu hiyo, mlima ulikuwa haujamaliza ubishi: vichwa vya kwanza vya treni vilionekana havina nguvu ya kutosha kwa mipando ya huku, na miaka ya 1980 vikaletwa vingine vyenye nguvu zaidi.

Suluhisho la tatu ni lami, na lami ndiyo iliyonilea. Ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lami ni ndoa nzuri ya msuguano: mpira unaishika, mvua inapita juu, lori linapanda. Dereva wa njia ya jehanamu aliyekuwa akitafuta matawi sasa akapata alichokuwa anakililia. Na kwa sababu amekipata, mwendo ukaongezeka na mzigo ukaongezeka. Tatizo likahama kutoka kwenye kupanda likaenda kwenye kushuka.

Nirudi kwa baba mdogo. Alianza akiwa utingo miaka ya 1980, akaja kuwa dereva wa lori la mizigo wa njia ya Dar na Tunduma. Kwetu watoto alikuwa mtu mkubwa. Akipita na lori lake alikuwa anapiga honi mara mbili, na sisi tunajua kesho kutakuwa na machungwa ya Muheza au nazi. Siku moja, mimi nikiwa bado sekondari, hakupiga honi. Lori lilimshinda kwenye mteremko. Aliligonga kwenye ukuta wa mlima kwa makusudi ili lisifike kwenye watu chini. Yeye alitoka na mguu uliovunjika. Utingo wake, kijana wa mtaa wetu wa miaka 19, hakutoka.

Taarifa ya siku ile ilisema kufeli kwa breki na uzembe wa dereva. Baba mdogo hakuendesha tena. Kijana yule alizikwa, na kwa miaka mingi mama yake alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu bila kugeuza shingo. Wala hatukuweza kumlaumu.

Sasa tuifungue ile sentensi. Chukua lori lenye uzito wa tani 50 kwa jumla, uzito wa kawaida kabisa kwenye barabara yetu. Lishushe mita 300 kwa wima, tuseme kutoka juu ya mlima hadi bondeni. Ile nguvu iliyotumika kulipandisha haikupotea, ilikuwa imewekwa akiba kule juu, na linaposhuka inadaiwa yote. Ukiipiga hesabu, inatosha kuchemsha ndoo zaidi ya 20 za maji, zile za lita 20. Kama dereva anashuka kwa breki peke yake, karibu moto wote huo lazima upite kwenye madramu ya magurudumu yake, ndani ya dakika chache. Sasa rudi kwenye viganja vyako.

Dramu likipata moto sana linatanuka, linajitenga na vipande vinavyolibana. Na vipande vyenyewe vikiungua vinapoteza ule ukali wa kushika. Dereva anakanyaga, pedali inakubali, upepo upo kwenye mitungi, lakini hakuna kinachoshika. Hakuna kilichokatika, na fundi akija kesho yake vitu vyote vimepoa anaweza kukuta vinafanya kazi. Ndiyo maana mzee aliniuliza kama zilifeli au zilichoka.

Dawa inajulikana, na madereva wa zamani walikuwa wakiirithishana kama methali: mlima ushuke kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Gia ndogo inaifanya injini izuie mwendo, na moto unatoka kwa njia ya injini badala ya breki. Na uanze taratibu ukiwa juu, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuuzima inaongezeka mara nne. Ukishapita nusu ya mteremko huku umechanganya, gia haitakubali tena kuingia.

"Sasa kwa nini wewe hukushuka hivyo?" Nilimuuliza hivyo siku ile ya viganja, na nilijuta swali lilipokuwa bado mdomoni.

Akanyamaza kidogo. Akasema mzigo ulikuwa umezidi, naye alijua. Akasema tajiri alikuwa anampimia dizeli kwa safari, na ikizidi anakatwa kwenye posho. Gia ndogo inakwenda polepole, na tajiri alikuwa anapiga simu kila saa. Madereva wakajifunza kuachia gari lishuke lenyewe, gia ikiwa nyutro, ili waokoe lita mbili tatu. "Nilikuwa nimefanya hivyo mara mia," akasema. "Mlima ule ulinisamehe mara mia."

Kwenye taarifa yangu sikuwa na neno la kumweka tajiri. Hakuwepo eneo la tukio.

Kuna kitu kimoja zaidi katika somo hili, nacho kinaitwa inesha. Mwaka 1687 Newton aliandika kanuni tatu za mwendo, na ya kwanza inasema, kwa maneno yetu, kwamba kitu kilichotulia kinataka kuendelea kutulia, na kinachokwenda kinataka kuendelea kwenda vilevile, kwa mstari ulionyooka, mpaka kani ya nje ikilazimishe kubadilika. Kabla yake watu wengi, tangu enzi za Aristotle, waliamini kinyume: kwamba mwendo unahitaji msukumaji muda wote, na ukiacha kusukuma kitu kinasimama chenyewe. Waliamini hivyo kwa sababu maisha yao yote waliishi ndani ya msuguano. Mkokoteni ukiuacha unasimama. Ilihitajika akili ya Galileo, na baadaye Newton, kuuona msuguano kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango na kusema: huyu ndiye anayesimamisha, si mkokoteni.

Wale waliokuwa barabarani Machi 11, 2015, pale Changarawe, Mafinga, hawakuhitaji Newton kuelezwa. Basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori, na kontena likaliangukia basi. Walikufa watu zaidi ya 40. Lori linaweza kukata kona, linaweza kusimama ghafla. Kontena lililo juu yake halijui habari hizo. Lenyewe linataka kuendelea kule lilikokuwa linakwenda, na kinacholizuia ni kufuli zake tu. Mwaka 2018 tena, ndani ya miezi michache, ajali za kwenye miteremko ya Mbeya ziliua makumi ya watu. Niliandika baadhi ya habari hizo. Unaweza kukisia nilitumia sentensi gani.

Msomaji wa ukurasa huu anapenda maneno, basi tuyaangalie. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Wasanifu wa istilahi walikuwa na kazi ya kuipa sayansi sauti ya Kiswahili. Kani ni neno la zamani, kushika kani ni kung'ang'ania, kuwa mbishi. Likavishwa koti la fizikia, nami naona lilikaa vizuri, maana kani ni ubishi wa kitu kimoja dhidi ya kingine. Msuguano umetoka kwenye kusugua, kitenzi cha jikoni na bafuni, na baadaye wanasiasa nao wakauchukua. Inesha pekee ndiyo iliyokuja na nguo zake za kigeni.

Mwalimu wetu wa darasa la saba alitufundisha mambo haya kwa Kiswahili, na tuliyaelewa. Mwaka uliofuata, sekondari, tukaambiwa tuyaanze upya kwa Kiingereza. Nakumbuka wenzangu waliokuwa wakishika hesabu za mteremko kama mchezo, wakakaa kimya kidato cha kwanza kizima. Yule kijana utingo alikuwa mmoja wa hao, alinitangulia madarasa machache. Aliishia kidato cha pili. Kazi yake kwenye lori ilikuwa kuruka chini gari linaposimama mlimani na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Kazi hiyo ni fizikia tupu, na aliijua vizuri kuliko mimi niliyefaulu mtihani.

Hivi sasa barabara yetu inapanuliwa kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe. Nafurahi. Lakini upana haupunguzi urefu wa mlima. Nchi nyingine zenye milima kama yetu zinachimba kando ya miteremko njia za dharura zilizojazwa kokoto, lori lililochoka breki liingie humo, kokoto zilimeze na kulisimamisha. Ni tope lilelile la mwaka 1966, safari hii likiwa limealikwa.

Kuhusu mimi, nimefanya badiliko dogo. Habari ya ajali ikija mezani, nauliza maswali manne kabla ya kuandika neno breki: lori lilikuwa na tani ngapi, lilishuka kwa gia gani, dereva alikuwa barabarani tangu saa ngapi, na dizeli alipimiwa na nani. Mara nyingi sijibiwi. Mara nyingine mhariri anakata aya nzima. Naiandika tena wiki inayofuata.

Baba mdogo sasa anauza spea za mtumba hapa Mwanjelwa. Mwaka jana mama wa yule kijana alipita dukani, akasimama, akamwuliza bei ya kitu ambacho sote tulijua hakihitaji. Baba mdogo akamtajia. Mama akasema ni ghali. Wakabishana bei pale kwa muda mrefu, mzee akiwa ameshika ile bolti kiganjani, mpaka ikapata joto.